Hakuna Anayerudi kwa Pakiti

Kuuza sigara moja moja nchini Kenya ni kinyume cha sheria. Wala si sheria iliyopitishwa juzi. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ni ya 2007, na inataka sigara iuzwe kwa pakiti, na pakiti yenyewe isipungue sigara 10. Sasa toka nje, nenda hadi kibanda cha kwanza na uitishe moja. Hutaulizwa una miaka mingapi. Utaulizwa tu, "Gani?" Halafu utaonyeshwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani, ujiwashie na uende zako.

Nilivuta miaka sita. Ni mwaka na ushee sasa tangu niache, na swali ninaloulizwa zaidi ni nguvu nilitoa wapi. Watu wanataka hadithi ya nia. Wanataka niseme niliamka asubuhi moja, nikajiangalia kwenye kioo, nikaamua. Shangazi zangu wanasema ni maombi. Mabeshte wangu wanasema ni kichwa ngumu. Daktari mmoja aliniambia, bila hata kuinua macho kwenye karatasi zake, "Ukiamua unaacha tu."

Hiyo kauli imenichosha. "Ukiamua unaacha" ni kauli tamu sana kwa anayeuza. Kama kuvuta ni jambo la nia yako peke yako, basi muuzaji hana neno, msambazaji hana neno, na serikali yenye maafisa wa kukagua biashara haina neno. Lawama yote unabebeshwa wewe na mapafu yako. Mimi naona tofauti. Kinachomshika kijana wa mtaa ni ile moja, ile ya mbao, inayouzwa kinyume cha sheria mchana kweupe. Na mpaka tuizungumzie hiyo moja, mahubiri yote ya nia ni kelele.

Sisi tumelelewa na kadogo. Mafuta ya kupikia tunapimiwa, sukari tunapimiwa, unga tunapimiwa, hata bando za intaneti tunanunua za saa moja. Sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu kadogo ndiyo imetulisha. Lakini mafuta ya kadogo yanajua kutosha. Ukishakaanga sukuma yako, umemaliza, mpaka kesho. Nikotini haijui kutosha. Inafika ubongoni ndani ya sekunde chache, na baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na mwili unaanza kukutuma tena. Kwa hiyo ile moja haiko peke yake hata siku moja. Ni ya kwanza kati ya saba.

Mimi nilikuwa mtu wa saba kwa siku. Nilipoanza, moja ilikuwa shilingi 10. Nilipoacha ilikuwa 20. Saba mara ishirini ni 140, mara siku 30 ni shilingi 4,200. Kodi yangu ni 6,500. Hakuna siku niliyowahi kutoa 4,200 mfukoni na kusema hizi ni za sigara. Zilitoka mbao moja moja, katikati ya nauli na chapati, na mbao haiumi mtu. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Ukinunua 20 za moja moja umelipa 400, na pakiti nzima ya sigara ile ile haikuwahi kufika hapo mtaani kwetu. Asiye na pesa ndiye anayelipa zaidi, halafu anaambiwa hana nidhamu.

Maishani nimewahi kuacha vitu viwili vikubwa: chuo na sigara. Chuo kilikuwa rahisi. Karo ikiisha, hata huhitaji kuamua, chuo chenyewe kinakuacha. Kinafunga mlango, kinazuia matokeo yako, kinafuta jina lako kwenye orodha. Sigara haina roho mbaya hivyo. Ukiwa na 400 inakuja kwa pakiti. Ukiwa na 20 inakuja moja. Ukiwa na 10 mnachanga na mwenzako, yeye anavuta nusu na wewe unamalizia. Ukiwa huna kitu, mwenye duka nje ya hosteli ana daftari. Ningependa sana kuona ofisi ya karo ikijifunza upole kama huo. Mambo ya maana yote nchi hii yanataka ulipe kwa mkupuo. Kinachoua ndicho unakubaliwa kulipa polepole.

Halafu kuna suala la onyo. Sheria ile ile ya 2007 iliamuru pakiti iwe na maonyo ya afya, asilimia 30 mbele na asilimia 50 nyuma. Kanuni za 2014 zikaongeza picha, na kampuni ya British American Tobacco Kenya ikazipinga kanuni hizo kortini, kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Upeo, ambako ilishindwa Novemba 2019. Kesi ya miaka! Mtu hapigani namna hiyo na kitu kisichomgusa. Lakini jiulize: mimi niliyenunua moja moja kwa miaka sita, hizo picha niliziona wapi? Pakiti ilikuwa ndani, kwa mathe, nyuma ya dirisha la waya. Mimi nilipokea kijiti cheupe kisichoandikwa chochote ila jina la mwenye mali. Nchi ilishinda kesi hadi mahakama ya mwisho, na ushindi wenyewe ukabaki kwenye rafu ya kibanda.

Sasa tuingie kwenye kuacha, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya nia inavunjika kabisa.

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Mimi sikulala vizuri, na nilipolala niliota ndoto ndefu zisizo na mwisho. Nilikuwa na hasira na watu ambao hata hawajaongea. Kikohozi kilizidi badala ya kupungua. Kibaya zaidi kwa mtu anayeishi kwa kuandika, sikuweza kumaliza aya moja. Kuna ile picha ya mwandishi na moshi tuliyouziwa sote tunaopenda vitabu, eti moshi ndio unaoleta maneno. Ukweli ni kwamba moshi haukuwahi kuniandikia sentensi hata moja. Ulichofanya ni kunipa sababu ya kusimama kila baada ya saa mbili, kisha ukanifundisha kuamini kwamba bila kusimama siwezi kukaa.

Lakini sikia hii, kwa sababu laiti ningeambiwa mapema. Ile hamu inayokupanda mpaka unatetemeka, ukiiacha bila kuigusa, huwa inapita ndani ya dakika chache. Dakika tano hivi. Unakunywa maji, unazunguka nyumba, unaosha vyombo, na ukirudi imelegea. Vita vyote vya kuacha ni kuvuka dakika hizo tano, mara nyingi kwa siku, wiki baada ya wiki.

Sasa pima mwenyewe. Kutoka stejini hadi kwangu ni mwendo wa dakika saba. Katika dakika hizo nilihesabu sehemu 11 za kununua sigara moja: vibanda, mwenye mayai na smokie, mzee wa viatu, askari wa geti anayeficha pakiti kwenye soksi. Hamu ni ya dakika tano na sigara iko nusu dakika kutoka ulipo, kwa mbao ambayo hata hivyo iko mfukoni. Hiyo nia mnayoisifu, mnataka ishinde mara kumi na moja kila jioni?

Niliacha mara nne kabla hii ya tano haijakaa. Nimewauliza marafiki walioacha na walioshindwa, na wote wana hadithi moja. Hakuna anayerudi kwa pakiti. Hakuna mtu ambaye, wiki ya tatu, anatoa mia nne akiwa na akili timamu na kusema naanza upya. Watu hurudi kwa moja. "Wacha nishike moja tu ya stress." Kununua pakiti ni uamuzi, na uamuzi una muda wa kukuaibisha. Kununua moja hakufiki hata kuwa uamuzi. Mkono unaenda wenyewe. Kukataza moja moja, basi, ni kumpa anayeacha zile dakika tano alizonyang'anywa.

Kuna wanaosema hii ni kumwonea mama wa kibanda. Nimeongea na mathe wangu, yule niliyemwomba asiniuzie hata nikimlilia. Alikubali, na alitimiza. Lakini aliniambia, "Kijana wangu, mimi nikikunyima, utavuka barabara." Nikamuuliza kuhusu watoto, maana sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Akacheka kwa uchungu. "Mtoto akisema ametumwa na babake, nitajuaje?" Na ni kweli, nani hapa hakuwahi kutumwa? Nilikuwa darasa la nne nikitumwa mbili na mjomba, na chenji nilijinunulia Patco. Mathe haoni faida ya maana kwa sigara. Anaziweka kwa sababu anayekuja kwa fegi hununua na mkate. Sitaki kanjo waje kumwaga meza yake. Gari linaloleta mzigo mtaani linajua vizuri kwamba vibanda hivi haviuzi pakiti. Anzieni huko juu, kwa wanaosambaza.

Na tukitaja kanjo, tuseme yote. Sheria hiyohiyo ina kifungu cha kumwadhibu anayevutia mahali pa umma palipokatazwa: faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Kifungu hicho kila askari wa jiji anakijua kwa moyo. Ukiwasha fegi mahali pasipofaa katikati ya mji, utashikwa kabla ya moshi kupaa, na utatoka ukiwa mwepesi mfukoni. Kifungu cha moja moja, kilicho kwenye kitabu kile kile, hakuna anayekijua. Sehemu inayombana mwenye uraibu inafanya kazi masaa ishirini na nne. Sehemu inayoibana biashara imelala tangu nikiwa shule ya msingi.

Wengine wananiambia: ukikataza moja, watu watanunua pakiti na kuvuta zaidi. Wenye pesa wanaonunua pakiti tayari wanazinunua. Mimi ninamwongelea wa miaka 15 mwenye mbao ya chakula cha mchana, ambaye hana 400 na hana mahali pa kuficha pakiti nyumbani. Huyo ndiye mteja ambaye biashara hii haiwezi kumpata bila moja. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Biashara inayozika wateja wake lazima itafute wapya, na wapya hawaanzi na pakiti.

Wengine wanataja uhuru. Mtu mzima avute akitaka. Sawa kabisa, sina ugomvi na hilo, avute. Anunue pakiti yake, aone picha yake, alipe akijua. Ninachokataa ni kuita uhuru ule mpango ambao kuvuta kunahitaji mbao na nusu dakika, na kuacha kunahitaji miujiza.

Maana msaada wa kuacha uko wapi? Tiba ya nikotini, yaani chingamu na plasta za kukupunguzia makali, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Nilipoenda kuitafuta duka la dawa, bei ilinirudisha mlangoni. Haiuzwi kadogo, hiyo. Unalipia pakiti nzima au unarudi nyumbani. Yaani nikotini inayokuua unaivunjiwa moja moja, na nikotini inayokusaidia kuacha ndiyo inayotii kanuni ya pakiti. Kama si mzaha, ni nini?

Ninachodai kiko wazi, na hakihitaji sheria mpya. Kifungu cha pakiti kitekelezwe, kuanzia kwa msambazaji na si kwa mama wa kibanda. Chingamu na plasta za nikotini zipatikane kwenye zahanati za umma kwa bei ambayo mtu wa mbao anaiweza. Na daktari afundishwe kusema kitu zaidi ya "ukiamua."

Na wewe unayesoma hii ukiwa siku ya tatu, kichwa kinagonga na unawachukia watu wote: wewe si mnyonge. Unashindana na biashara iliyopewa kila upendeleo mtaani kwako, na bado uko siku ya tatu. Kunywa maji. Pita njia ya nyuma. Mwambie mathe wako asikuuzie, na umwambie kwa sauti mbele ya wateja wengine ili ajue hutanii. Mbao iache nyumbani. Hiyo hamu ina dakika tano tu, na tatu zimeishia hapa ukisoma.