Doa la rangi ya kucha lisikatwe kwenye mshahara wa dada

Rangi ya kucha ikimwagika juu ya zulia la sebuleni, katika nyumba nyingi za mjini mambo mawili hufuata haraka. Kwanza, mtu hukimbilia dodoki na Jik. Pili, hutafutwa wa kulaumiwa, na lawama humwangukia dada wa kazi hata kama kichupa kilipigwa teke na mtoto wa mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi thamani ya zulia inaanza kukatwa kwenye mshahara wake. La kwanza ni kosa. La pili ni dhuluma, hasa kwa kuwa zulia hilo mara nyingi lingepona.

Rangi ya kawaida ya kucha hutengenezwa kwa nitroselulosi, yaani pamba au mbao iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki kisha ikayeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka upesi. Ni jamii ile ile ya rangi iliyopakwa magari ya Marekani miaka ya 1920. Kitu kilichotengenezwa kung'ang'ania bodi ya gari hakiwezi kutolewa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Kinachoiyeyusha ni asetoni, na asetoni ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kutolea rangi. Pwani chupa yake ni kitu cha kila siku, kwa sababu mwanamke Mwislamu huitoa rangi kabla ya udhu ili maji yafike kwenye kucha.

Kwa hiyo dawa ipo ndani. Linalokosekana ni subira.

Doa bichi halisuguliwi. Ukilisugua, rangi inashuka hadi kwenye mashina ya nyuzi na duara la ukubwa wa sarafu linakuwa la ukubwa wa sahani. Kwanza rangi ichotwe kwa kijiko, kisha kitambaa cheupe cha pamba kikandamizwe juu yake na kuinuliwa, kikandamizwe na kuinuliwa, kila mara kwa upande msafi. Kikiacha kuokota rangi, ndipo asetoni itiwe kwenye kitambaa, isimwagwe kwenye zulia, kwa kuwa ikizama inaweza kulegeza gundi inayoshika nyuzi kwa nyuma. Kazi ianzie ukingoni ielekee katikati. Kitambaa kitatoka na wekundu, kisha uwaridi, kisha karibu hakina kitu. Baadaye pafutwe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu kwa maji matupu, pakaushwe. Doa lililokwisha kukauka hukwanguliwa kwanza taratibu kwa mgongo wa kisu, ili asetoni ibakiwe na kazi ndogo. Na dawa yenyewe iwe haina rangi wala mafuta, maana zile za waridi na zenye mafuta ya ngozi zinaweza kuacha doa lao.

Swali kubwa ni zulia limefumwa kwa nyuzi gani. Nailoni, polyesta na polipropilini huvumilia asetoni. Sufu nayo huvumilia, ingawa rangi yake inaweza kuchuja, kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye pembe iliyofichika chini ya kochi. Lakini nyuzi za asetati, na baadhi ya manyoya bandia yaliyotengenezwa kwa modakriliki, huyeyuka pamoja na doa, pakabaki kigaga kigumu ambacho hakuna fundi wa kukirudisha. Hapo asetoni isiguse kabisa.

Wengi hawajui zulia lao ni la aina gani, ila kuna jaribio la jikoni linalosaidia. Ng'oa uzi mmoja ukingoni, uuzamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uuminye kwa vidole hadi mapovu ya hewa yaishe. Ukiibuka tena na kuelea, karibu hakika ni polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji na ndiyo nyuzi ya mazulia mengi ya mashine yanayotoka Uturuki. Nailoni, polyesta na sufu huzama. Uzi ukizama bado hujapata jibu lote, lakini angalau umepata sababu ya kwenda polepole.

Jik ibaki chooni na kwenye mashuka meupe. Haiyeyushi nitroselulosi, inapausha zulia, na sufu inailia nyuzi zenyewe. Baya zaidi, ikikutana na asetoni huweza kuzaa klorofomu, mvuke wa sumu, katika chumba ambamo watoto wanacheza chini.

Moto nao usisahaulike. Asetoni huchemka kwenye nyuzi joto 56 tu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Chetezo cha udi kilichowekwa pembeni ya kochi kiko mahali pabaya kabisa kwa kazi hii. Kitolewe, madirisha yafunguliwe, mshumaa uzimwe.

Basi hebu atazamwe dada ambaye hakuambiwa lolote kati ya hayo. Ameajiriwa kufua, kupika na kulea. Akiona doa anafanya alichoona wengine wakifanya. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Ni nyumba chache zenye karatasi ya namna hiyo. Mwajiri ambaye hakumweleza dada zulia ni la nyuzi gani wala chupa ina nini, hana kosa la kumbebesha mtu mwingine.

Wauzaji nao wana deni. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, lihakikishe kila chupa ya dawa ya kutolea rangi inayouzwa nchini inaeleza kwa Kiswahili kama ina asetoni na kwamba inashika moto. Na wenye maduka ya mazulia wa Kariakoo hawahitaji kusubiri agizo la mtu: wanajua wameagiza nini, kwa hiyo waandike kwenye risiti ya kila mteja kama zulia ni la sufu, nailoni, polyesta, polipropilini au manyoya bandia, na mteja ambaye hakuandikiwa adai kabla hajalipa.