Neno Dogo, Dhamana Kubwa

Muhula uliopita kijana mmoja aliniletea barua ya kuitwa kwenye usaili. Sentensi yake muhimu ilisema: "Applicants will only be interviewed on Monday." Yeye alielewa kwamba Jumatatu kutakuwa na mahojiano tu, na vyeti halisi vitakaguliwa siku nyingine. Akaviacha nyumbani. Ofisi ilikusudia kwamba usaili ungefanyika Jumatatu tu. Kijana akarudishwa mlangoni.

Wepesi wa kuhukumu watasema hajui Kiingereza. La hasha. Sentensi ile inabeba maana zote mbili, na aliyelipia utata huo ni yule asiyeiandika. Ingetosha kuandika: "Applicants will be interviewed only on Monday."

Kielezi "only", katika maandishi ya uangalifu, husimama mbele ya neno kinalolibana. Tazama sentensi hizi tatu. "Only the committee advised the minister": ni kamati peke yake iliyomshauri waziri. "The committee only advised the minister": kamati ilishauri tu, haikuamua. "The committee advised only the minister": hakuna mwingine aliyeelezwa. Maneno ni yale yale, lakini katika ripoti ya uchunguzi kila mpangilio huangusha lawama mahali pengine. Mtumishi wa umma asiyeliona hilo anaweza kumtia hatiani asiyehusika, au kumpa mhusika mlango wa kutokea.

Yapo mabishano ya haki hapa. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwatetea wanaoliweka neno hili kabla ya kitenzi pale ambapo maana haipotei, maana ndivyo watu wanavyosema. Nakubali. Lakini msemaji ana sauti ya kukazia neno analolikusudia. Karatasi haina sauti. Barua inayogusa riziki ya mtu haipaswi kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Je, dawa ni kuandika kwa Kiswahili? Kwa sehemu, ndiyo. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi. Mwananchi ana haki ya kuandikiwa kwa lugha anayoimudu. Hata hivyo, uzembe hauna lugha. "Watasailiwa tu Jumatatu" ina utata ule ule. "Watasailiwa Jumatatu tu" haina.

Basi, kabla ya kutia saini, mwandishi ajiulize: ninabana nini, na ninamfungia nani nje? Akishapata jibu, aliweke neno hilo dogo mahali pake. Itamgharimu dakika moja. Kijana yule ilimgharimu kazi.