Mbona Simba ni Yuleyule?

Swali la mwezi huu limetoka kwa watoto wenyewe. Jumamosi moja waliingia kwenye kibanda cha video, wameahidiwa katuni mpya. Kumbe ni The Lion King ya mwaka 2019. Wakarudi wamenuna: "Hii tulishaiona! Simba ni yuleyule, baba yake anakufa palepale."

Ni kweli. Ya kwanza ilitoka mwaka 1994, imechorwa kwa mkono. Ya 2019 ni ya kompyuta, hadi manyoya unayaona kama ya simba wa porini, lakini hadithi ni ileile. Sasa kampuni kama Disney, yenye pesa na wachoraji, inarudia ya nini?

Inaogopa hasara. Katuni kubwa huchukua miaka minne au mitano, na inaweza kula dola milioni 150 hata 200 kabla mtu hajakata tiketi. Tena hadithi mpya haijulikani, kuitangaza ni pesa nyingine. Lakini ukisema Simba, mama aliyeiona akiwa msichana atawapeleka watoto wake mwenyewe. Ile ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6.

Tazameni mwaka 2025. Lilo & Stitch, iliyorudiwa kutoka katuni ya 2002, ilivuka dola bilioni moja. Elio, hadithi mpya kabisa ya Pixar, ilianza vibaya kuliko filamu zote za kampuni hiyo. Mwenye kushika hesabu atachagua ipi? Siyo kwamba kurudia ni dawa, maana Snow White ya mwaka huohuo ilianguka.

Kinachotukera sisi ni hiki: The Lion King yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Wachoraji wengi wa Disney walikimbilia Pocahontas, wakidhani ndiyo itakayofanya vizuri. Hii ya simba ikaleta zaidi ya dola milioni 700! Na maneno wakachota kwetu: Simba, Rafiki, hata hakuna matata, ambayo Disney iliisajili Marekani kama alama yake ya biashara. Eti hakuna matata! Kama mwaka ule nao wangeogopa, leo wangekuwa wanarudia nini?

Tulikwenda kumlalamikia mwenye kibanda. Akacheka. "Nikiweka isiyojulikana, mabenchi yanabaki wazi. Nyinyi wazazi mnauliza jina kwanza, ndiyo mtoe pesa."

Tukakosa la kujibu, kwa sababu huwa tunauliza.

Basi tumepatana naye: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ataweka katuni ambayo hakuna hapa aliyeiona, na sisi wazazi tutalipa bila kuuliza. Watoto wameshaanza kutusumbua inaitwaje. Hata sisi hatujaambiwa.