Hii a.out Tutaibeba Hadi Lini?

Wadau, leo nina ugomvi na kompaila. Andika programu ndogo ya C, iite mshahara.c, kisha toa amri gcc mshahara.c. Utapata nini? Si mshahara. Utapata a.out. Andika nyingine, ushuru.c, nayo pia itaitwa a.out, na ile ya kwanza imekwenda na maji. Hakuna onyo, hakuna swali.

Jina lenyewe ni kifupi cha "matokeo ya asembla". Ken Thompson alipoanza kujenga Unix kwenye mashine ya PDP-7 mwaka 1969, linka haikuwepo. Asembla ilitoa programu moja kwa moja, kwa jina moja tu lisilobadilika. Dennis Ritchie alilieleza jambo hili mwaka 1993. Sawa, mashine ile ilikuwa duni. Lakini linka ilikuja, muundo wa a.out ukaipisha ELF, Linux ikaung'oa kabisa mwaka 2022, na jina bado lipo! Ukiifungua a.out ya leo kwenye Linux, ndani ni ELF. Chupa ya soda iliyotiwa mafuta taa.

Msiniambie "tumia -o". Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajaijua -o, na ndiye anayepoteza kazi yake. Kompaila ya Microsoft, cl, ukiipa mshahara.c inakupa mshahara.exe. Watetezi watasema kiwango cha POSIX ndicho kinachoagiza a.out. Kweli kinaagiza. Basi kirekebishwe.

Na a.out ni afadhali. Balaa ni -c. Una benki/util.c na simu/util.c, unaamuru gcc -c benki/util.c simu/util.c. Faili za .o haziwekwi kando ya chanzo. Zinatupwa hapo hapo uliposimama, zote kwa jina util.o. Ya pili inafuta ya kwanza, kimya. Baadaye linka inalalamika kwamba fanksheni za benki hazipatikani, nawe unakesha ukikagua msimbo usio na kosa lolote. Jamani, kompaila ilikuwa na majina yote mawili mkononi, katika amri moja! Kukataa kungeigharimu nini? Hata javac, ambayo wengi hupenda kuicheka, huweka .class kando ya chanzo chake usipoielekeza kwingine.

Nyinyi mnaofundisha C, andikeni -o ubaoni siku ya kwanza, kabla ya printf. Na mradi ukiwa na folda mbili, kila moja ipewe mahali pake pa .o.