Tuache kununua diski moja kubwa

Kila juma watu wa radio zetu, wa nyumba za fotokopi na wa komite za wakimbizi wa ndani wanauliza swali lile lile: diski gani ya inje ni ya nguvu, ambayo mutu anaweza kutumia asubuhi mpaka usiku bila kufa? Jibu la sokoni ni lile lile pia: nunua kubwa. Muuzaji anasema hivyo, mukubwa wa shirika anasema hivyo, hata fundi. Jibu hilo limetupotezea vitu vingi. Pesa munayotaka kuweka kwa diski moja ya tera 4, muigawe: munuwe mbili za tera 1, za kweli, na zisilale katika nyumba moja.

Tufanye hesabu kwanza, maana wengi wanaogopa nafasi bila kuhesabu. Sauti isiyobanwa, ile ya WAV, saa moja inakula karibu mega 635. Tera 1 inabeba zaidi ya saa 1,500. Mukibana kwa MP3 ya kilobiti 128, saa moja ni karibu mega 58, na tera 1 inabeba karibu saa 17,000. Radio inayorekodi saa tano kila siku, bila kupumzika hata Noeli, itamaliza miaka tisa kabla ya kuijaza. Picha ya cheti cha kuzaliwa iliyopigwa na simu mara nyingi ni mega 3 ao 4. Ndani ya tera 1 zinaingia vyeti vya kambi nzima na nafasi inabaki. Wenye kufanya video ndio peke yao wana sababu ya kutaka kubwa zaidi. Na wao pia wanunue mbili.

Sasa hao wanaotuuzia ukubwa. Ukiona diski ya tera 16 kwa dola 20, unaibiwa mchana. Duniani kote kampuni zinazotengeneza diski za kuzunguka zimebaki tatu: Seagate, Western Digital na Toshiba, na hakuna hata moja inayouza tera 16 kwa bei hiyo. Ndani ya lile ganda kuna kadi memori ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea kila kitu, inaonyesha majina ya faili zote, lakini kadi ikijaa, vipya vinafuta vya zamani ao vinapotea. Utajua siku ya kutafuta. Kuna programu ya bure, H2testw, inayojaza diski yote kisha inasoma tena kila kitu. Inachukua saa nyingi. Patana na muuzaji mbele ya shahidi kwamba utarudisha diski ikianguka mtihani huo. Akikataa, umepata jibu lako. Lakini usimugombeze bure kama tera 1 inaonekana 931 kwenye Windows: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hapo hakuna mwizi.

Wengine watasema dawa ni marki nzuri. Marki nzuri inasaidia, haiokoi. Mwaka 2023 watu wengi walipoteza kazi zao kwenye diski za bei ya juu za SanDisk Extreme, na Western Digital, iliyokuwa na marki hiyo, ililazimika kutoa programu ya kurekebisha baadhi yao. Wachunguzi wa Google walifuata diski zaidi ya 100,000 na kutoa matokeo mwaka 2007. Waliona kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la kusoma, hatari ya kufa ndani ya siku 60 inapanda mara 39. Na zaidi ya theluthi ya diski zilizokufa hazikutoa dalili hata moja. Basi muweke CrystalDiskInfo, ni ya bure, na muiangalie kila mwezi. Ikionyesha tahadhari, muhamishe vitu siku ile ile. Lakini musiitegemee kama vile nabii.

Kuna aina mbili, na kila moja iko na kazi yake. Ile ya kuzunguka iko na sahani ndani, na kichwa kinachosoma kinapita juu yake karibu sana bila kugusa. Ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa kinakwaruza sahani. Fikirini sasa diski ya komite: inakaa katika sakoshi ya sekretari, sekretari anapanda piki-piki, barabara yetu tunaijua. Ile ya chipu, yaani SSD, haina kitu kinachozunguka, inavumilia kutikisika, na ni ya mbio. Bei yake kwa tera moja ni kubwa zaidi, na ikiachwa muda mrefu bila umeme inaweza kusahau. Kwa hiyo, ile ya chipu iwe ya kazi ya kila siku na ya kusafiri. Ile ya kuzunguka ikae mahali pamoja kama kopi, ifunguliwe kila juma kwa kunakili, kisha ichomolewe.

Umeme wetu nao ni adui. Ukikatika wakati diski inaandika, faili zinaharibika, na diski iliyopangwa kwa exFAT inaumia kuliko ya NTFS. Andikeni kutoka kompyuta ya kubeba yenye batri nzima, si kutoka ile ya meza iliyofungwa kwenye jenereta bila kinga. Musichomoe kabla ya kuiamuru itoke. Na muangalie kitobo cha waya: diski nyingine zimechomelewa kitobo moja kwa moja kwenye bodi, kikivunjika fundi wa kawaida hawezi kitu.

Lakini hata diski mbili nzuri, zikilala katika kabati moja, ni kama moja. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na tarehe 27 watu wa kartie nyingi waliamriwa kuondoka. Wengi walitembea mpaka Sake na kile mukono uliweza kubeba. Januari 2025 vita viliingia mujini, na watu wa kambi za pembeni wakatawanyika tena. Nani siku kama hiyo anarudi ndani kutafuta diski? Kopi ya pili ikae kwa mutu mwingine, parokia nyingine, na ikiwezekana muji mwingine.

Na zote mbili zifungwe kwa neno la siri. VeraCrypt inafanya kazi hiyo bila malipo. Orodha ya majina ya wakimbizi, ao sauti ya mama aliyeeleza mambo aliyotendewa, ikiangukia mukono wa mwenye silaha, inaweza kuua. Neno hilo lijulikane na watu wawili wa kuaminika, lisibandikwe juu ya diski.

Najua jibu linalokuja: watu hawana hata pesa ya unga, wewe unaongea diski mbili. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kitu kwa familia iliyokimbia. Familia ipige picha ya vyeti, matokeo ya masomo na karatasi za shamba, na itume kwa ndugu wawili walio mbali, hiyo inatosha. Nadai kwa wale wanaokusanya: mashirika yanayoandika majina yetu, radio zinazorekodi sauti zetu, komite zinazotunza karatasi zetu. Ukichukua vitu vya watu elfu moja na kuviweka katika diski moja sababu umekataa kununua ya pili, huo ni uzembe kwa mali ya wengine, na usituambie ni umaskini.

Kwa hiyo, mukutano ujao, mutu akisimama na kompyuta yake kuandika majina, mama yeyote ao mzee yeyote ainue mukono na kuuliza mambo mawili: kopi ya pili iko wapi, na mara ya mwisho ilifunguliwa siku gani? Asipoweza kujibu, asiandike jina hata moja.