Tunajenga nyumba moja, basi tukague fito zetu

Jambo la kwanza nililofundishwa katika klabu ya kendo halikuwa kupiga. Lilikuwa kukagua. Mwalimu, mzee aliyepita miaka sabini, alinikabidhi upanga wa mianzi, akaniketisha sakafuni, akanionyesha namna ya kuupitishia kidole gumba kutoka kwenye ncha hadi kwenye mpini. Upanga huo, ambao Wajapani huuita shinai, umeundwa kwa fito nne za mwanzi zilizoshikizwa pamoja kwa ngozi na kamba. Katika ufito wa tatu nilikuta mahali panakwaruza. Mzee akauchukua, akatikisa kichwa, akaufungua na kuanza kuukwangua kwa kisu kidogo, huku wenzetu wakiendelea na mazoezi bila sisi.

Nikamuuliza, kupitia kwa mwenyeji wangu, kwa nini tupoteze robo saa kwa ajili ya kibanzi kidogo ambacho hakiwezi hata kunichoma mkono. Jibu lake ndilo limenifanya niandike makala haya.

"Hakitakuchoma wewe," alisema. "Kitaingia kwenye jicho la mwenzako."

Ilikuwa Yokohama, Japani, Septemba 2019. Nilikuwa nimekwenda kuripoti TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika uliofanyika katika mji huo kuanzia Agosti 28 hadi 30, kisha nikabaki wiki tatu kwa mafunzo mafupi ya uandishi. Mchana tulisikiliza habari za bandari, reli na mikopo. Jioni mbili kwa wiki mwenyeji wangu, mhandisi mstaafu, alinichukua hadi kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi ya mtaani kwake, mahali klabu yao inapofanyia mazoezi. Niseme ukweli, mengi ya mchana nimeyasahau. Ya jioni ninayo hadi leo, na kila nikisimama Namanga, Holili au Busia yananirudia.

Kendo maana yake ni njia ya upanga. Imetokana na mazoezi ya wapiganaji wa zamani wa Japani, lakini leo ni mchezo wa watu wa kawaida. Mchezaji huvaa kofia yenye nondo za chuma mbele ya uso, kinga ya kifua na tumbo, kinga ya nyonga na glovu nene. Sehemu zinazoruhusiwa kulengwa ni nne tu: kichwa, kifundo cha mkono, ubavu na koo. Nondo za kofia huzuia upanga mzima. Haziwezi kuzuia kibanzi cha ufito uliopasuka, kwa sababu kinapita katikati yake. Ndiyo maana kwenye mashindano kila upanga hukaguliwa na kupimwa kabla ya mchezo. Kwa watu wazima urefu usizidi sentimita 120, na uzito usipungue gramu 510 kwa mwanamume na 440 kwa mwanamke. Upanga usiofaa hauingii uwanjani, hata kama ni wa bingwa.

Klabu yenyewe haikuwa na kitu cha kutisha macho. Haina ofisi wala mlinzi. Walimu hawalipwi. Ada ya mwezi inakwenda kwenye ukumbi na vifaa vya kuazimisha wageni. Nilikuta mtoto wa miaka saba, dereva wa lori, muuguzi, mwenye duka la mboga, na bibi mmoja ambaye barabarani ungemwachia kiti ndani ya basi. Kabla ya mazoezi wote huchukua vitambaa vibichi, huinama na kuisukuma sakafu kwa mikono, mbio, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna mkubwa wa kukaa pembeni akisubiri wadogo wamalize. Kisha hupanga mstari, hupiga magoti, na kuinama mara tatu: kuelekea mbele ya ukumbi, kwa mwalimu, na wao kwa wao. Wakimaliza mazoezi, hurudia yaleyale.

Kwa wiki zote tatu sikuvaa kofia wala kinga. Mgeni huanza mikono mitupu na upanga tu, na wengine hukaa hivyo kwa miezi. Nilifundishwa kutembea upya, peku, miguu ikiburuta sakafu, kisha kuinua upanga na kuushusha, mara mia, mara mia tena. Nilitoka malengelenge kwenye kiganja cha kushoto na chini ya wayo wa kushoto. Nilidhani kugusa kichwa cha mtu kunatosha kupata pointi. Hakutoshi. Sauti, upanga na mguu vitue pamoja, na baada ya pigo mchezaji abaki macho. Waamuzi ni watatu, wenye bendera nyekundu na nyeupe, na pigo hukubaliwa wakikubaliana angalau wawili. Aliyepata pointi akirukaruka kwa furaha, pointi yake inaweza kufutwa. Aliyekupa nafasi ya kujifunza hadhihakiwi.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni tabia ya wakubwa. Wao husimama upande mmoja, na wadogo huwajia kwa zamu. Mkubwa akiona mdogo yuko tayari, husogeza ncha ya upanga wake kando kidogo, akaacha mwanya, akapigwa kichwani. Nilimtazama yule bibi akipigwa na watoto jioni nzima. Kila aliyempiga ovyo alirudishwa arudie. Kila aliyempiga vizuri alipata neno moja la sifa. Mazoezi yakiisha, mdogo humwendea mkubwa, hupiga magoti na kuuliza alikosea wapi.

Kwa macho ya sokoni, kumwachia mwenzako mwanya ni uzembe. Nilimwambia hivyo mwenyeji wangu. Akacheka. "Nisipomfundisha kunipiga vizuri," akasema, "mwaka kesho nitacheza na nani?"

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa Namanga, na swali lake likanijia kwa sura nyingine.

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliagiza mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo wengi mnaijua kwa jina la aflatoksini. Malori yakapanga foleni. Machi 10 zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na kuwe na cheti cha uasilia kinachotaja wilaya mahindi yalikolimwa. Siku tano tu, atasema mtu wa ofisini. Nyinyi mnajua siku tano za lori lililosimama zinakula nini.

Pembeni ya foleni ile nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye kivuli cha lori. Alikuwa ameweka mkopo wa kikundi chake chote kwenye mzigo ule. Hakulia wala hakutukana. Aliniuliza tu: "Mdogo wangu, mahindi yangu ni makavu. Mimi naadhibiwa kwa ajili ya mahindi ya nani?"

Sisi waandishi tuliandika sana kuhusu siasa za zuio lile, na siasa haikukosekana. Ila swali la yule mama hatukulijibu. Leo nitajaribu.

Sumukuvu haikubuniwa mpakani. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua takriban watu 20 katikati ya Tanzania. Hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa vibaya. Huwezi kuiona kwa macho, na kuchemsha ugali hakuimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Sasa tuambizane ukweli, ndugu wafanyabiashara. Wapo miongoni mwetu wanaoingiza magunia mabichi katikati ya makavu ili mzigo utimie. Wapo wanaoanika juu ya udongo mtupu, mvua ikipita wanafunika na kusubiri. Tunawajua kwa majina. Tunakunywa nao chai. Tunanyamaza kwa sababu kila mtu na biashara yake.

Kibanzi chao ndicho kilichoingia kwenye jicho la yule mama.

Hoja yangu ni hii: vikundi vya wafanyabiashara wa mpakani vianze kukagua mizigo yao vyenyewe, nyumbani, kabla haijafika forodhani. Hakuna haja ya kusubiri mradi wala semina. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu, tia mahindi, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudi kwenye turubai. Chupa haipimi sumu yenyewe, hiyo ni kazi ya maabara. Lakini inamtambua mapema anayetaka kutuponza. Kikundi chenye uwezo kinunue kipima unyevu kimoja cha pamoja. Mizani nayo iwe moja, ili lumbesa ife mlangoni kwetu badala ya kugombewa upande wa pili, ambako gunia linahesabiwa kwa kilo nyingine. Kuwe na daftari: mzigo wa nani, umetoka wapi, nani ameukagua. Anayechanganya kwa makusudi aonywe. Akirudia, mzigo wake usipande lori la kikundi.

Najua nitakavyojibiwa. Tunalipa ushuru, tunalipa vibali, ukaguzi ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali zetu nazo siziachi. Kendo ina shirikisho la kimataifa tangu mwaka 1970, na madaraja yake huanza la kwanza hadi la nane. La nane haliombwi na mtu aliye chini ya miaka 46, naye awe amekaa miaka kumi na daraja la saba, na wengi mno hushindwa. Ugumu huo ndio unaolipa daraja thamani yake. Aliyefaulu kwa utaratibu wa shirikisho katika nchi moja mwanachama akiingia ukumbi wa nchi nyingine, haambiwi aanze upya.

Sisi tuna Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 inayohusu viwango, inayotaka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na wengine. Tuko nchi nane sasa. Hata hivyo bado nakutana na watu ambao mzigo wao umepimwa upande mmoja, umelipiwa, umepewa cheti, kisha unapimwa tena hatua mia mbili mbele, kwa ada nyingine na siku nyingine. Kama afisa wa upande wa pili ana shaka na maabara ya jirani, aende akaikague maabara. Asimalizie shaka yake kwenye lori la mama mwenye mkopo.

Lakini ili tudai haki hiyo kwa sauti kubwa, mikono yetu iwe safi. Kikundi chenye daftari la miaka miwili linaloonyesha kila mzigo ulikaguliwa kina cha kuweka mezani kwa mkuu wa forodha. Kikundi chenye malalamiko peke yake kitasikilizwa, kitapewa soda, kitarudishwa nyumbani.

Nina neno pia kwa wakubwa wetu, wenye malori na mawakala wa forodha. Upo utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani: bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, mwenye mzigo hupewa cheti rahisi cha uasilia hapo hapo mpakani. Wangapi kati ya wanaobeba vitunguu, maharage na viatu wanaujua vizuri? Wengi wanapita njia za panya, wananyang'anywa mzigo au wanahongwa utu wao, kwa sababu hakuna mkubwa aliyetumia nusu saa kuwaonyesha ile fomu. Sogeza ncha ya upanga wako kando kidogo. Huyo mdogo ndiye anayekukusanyia mzigo vijijini. Akifilisika mwaka huu, mwaka kesho utapakia nini?

Jioni ya mwisho Yokohama, mzee aliniletea ule upanga. Alikuwa ameung'oa ufito wa tatu na kuweka mwingine, kwa mkono wake, kwa ajili ya mgeni ambaye hakutarajia kumwona tena. Nikaupitishia gumba. Haukukwaruza popote. Tulicheza, tukainama, tukachukua vitambaa, tukafuta sakafu na kuzima taa.

Wahenga walisema wajenzi wa nyumba moja hawagombei fito. Tumeusikia usemi huo katika hotuba nyingi za Jumuiya, na ni wa kweli. Ila nyumba iliyojengwa kwa fito mbovu huwaangukia wote, waliogombana na waliopatana. Kabla hujapakia mzigo wa wiki hii, ndugu yangu, upitishie gumba. Kisha umwombe mwenzako apitishe la kwake.