KIPIMO KIPI, NA NANI ALIPE?

Wandugu wafanya kazi, leo twataka kusema juu ya watu ambao wengi wetu hatuwataji mbele ya wazee, yaani waigizaji wa sinema za ngono huko Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani. Mwenye kuona haya na aone haya, lakini asome. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo ya mwaka 1988, kupiga picha hizo si hatia huko. Watu hawa wana tajiri, wana malipo ya siku, na waweza kuugua kwa sababu ya kazi. Mtu wa namna hiyo sisi twamwita mfanya kazi.

Desturi ya kazi yao ni hii: haingii mtu mbele ya kamera bila cheti cha kupimwa kisichozidi siku 14. Kabla ya mwaka 2013 cheti kilidumu karibu mwezi mzima. Hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, kisonono, klamidia na homa ya ini. Ukisikia hivyo wadhani mambo yametengenea. Lakini yafaa kuuliza, ni kipimo gani? Maana vipimo si sawa, kama vile kurunzi ya mlinzi si sawa na taa ya garimoshi.

Kiko kipimo cha mate cha kujipimia nyumbani, kilichoruhusiwa kuuzwa huko Marekani mwaka 2012. Hicho hakitafuti virusi. Chatafuta askari ambao mwili huwatoa kupigana na virusi, na askari hao huchelewa. Yaweza kupita hata siku 90 tangu mtu aambukizwe kabla kipimo hakijasema neno. Kwa kazi ya cheti cha siku 14, hicho hakifai hata kidogo. Cha pili ni cha damu ya mshipa, kinachopimwa maabara, ambacho hutafuta askari pamoja na kipande cha kirusi chenyewe. Hicho huanza kuona kati ya siku 18 na 45. Cha tatu hutafuta chembe za urithi za virusi, nacho huona kati ya siku 10 na 33. Ndicho cha bei kubwa, na ndicho waigizaji hao hutakiwa kukitumia. Twaona wamechagua vema.

Hata hivyo, tazameni hesabu. Kipimo kilicho bora kuliko vyote kina siku 10 za upofu, na pengine zaidi ya 30. Wenzetu wanaogonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo watafahamu upesi. Nyundo husema habari za ufa uliopo sasa. Haisemi lolote juu ya ufa utakaotokea ukishapita Voi.

Mwaka 2004 mwigizaji mmoja alirudi kutoka kazini Brazil. Kipimo chake cha Machi kilisema hana virusi, akaendelea na kazi. Cha Aprili kikasema anavyo. Wanawake watatu aliofanya nao kazi walikuwa wameambukizwa, na makampuni mengi yakasimamisha kazi. Mwaka 2014 tena, mwanamume mmoja alipimwa kwa kile kipimo cha tatu, akaonekana hana, akapigwa picha kabla siku 14 hazijaisha. Alimwambukiza mwenzake wa kazini na mtu mwingine wa nje ya kazi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016 na idara ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa. Huyo hakuvunja amri yo yote ya desturi ile. Alikuwa na cheti mkononi.

Kwa kisonono na klamidia swali si siku tu, bali ni mahali. Kwa miaka mingi walipima mkojo peke yake. Wataalamu walipowapima waigizaji 168 wa Los Angeles mwaka 2010, kooni na njia ya nyuma pia, waliwakuta 47 wana ugonjwa mmojawapo au yote mawili. Katika hao, 11 wasingejulikana kama mkojo ungepimwa peke yake. Wengi wenye ugonjwa kooni hawakusikia maumivu yo yote. Kwa hiyo kama kuna mwigizaji wa kutuuliza, twasema asikubali kipimo cha mkojo peke yake, hata kama ni rahisi.

Juu ya mpira wa kondomu kumekuwa na ugomvi mrefu. Wapiga kura wa wilaya ya Los Angeles waliulazimisha mwaka 2012, na wapiga kura wa jimbo zima wakakataa sheria kama hiyo mwaka 2016. Sisi hatuoni kwa nini kipimo na mpira vigombane. Viko pia vidonge vya kumeza kabla ya hatari, na chanjo ya homa ya ini ya aina ya B.

Sasa tuje kwenye fedha. Cheti kimoja cha vipimo vyote hupita dola 100, na mara nyingi hulipwa na mwigizaji mwenyewe, hata mara mbili kwa mwezi, apate kazi au asipate. Sheria ya kazi ya California humkataza mwajiri kumtoza mtu gharama ya kupimwa anakotakiwa kabla ya kuajiriwa. Makampuni hujibu kwamba waigizaji si waajiriwa, ni watu wa kandarasi. Jibu hilo halina ugeni kwetu! Twasema anayedai cheti ndiye akilipe.

Wala cheti kisiwe mali yake kwa kuwa amekilipia. Mwaka 2011 majina halisi ya maelfu ya waigizaji yalianikwa kwenye intaneti, na ikasemwa yalitoka katika daftari za zahanati iliyokuwa ikiwapima tangu mwaka 1998. Zahanati hiyo ilifungwa mwaka huo huo. Katika utaratibu uliofuata, kampuni huonyeshwa neno moja tu: huyu yuko tayari kwa kazi, au hayuko. Hapo hatuna ugomvi nao. Ni ugonjwa gani, na tangu lini, hayo ni ya mgonjwa na daktari wake.